Sukari, presha na figo kwenye kadi moja: zinaunganikaje mwilini?

Mhudumu_Mikindani

Wakuu, habari za humu. Nipo Mtwara, uhudumu wa afya ngazi ya jamii, pande za Mikindani. Kwenye kikundi chetu cha wagonjwa wa kisukari kadi nyingi zimeandikwa maradhi mawili matatu kwa pamoja: sukari na presha, sukari na figo, sukari na kiharusi, wengine sukari na TB. Wazee wanauliza: "Mwanangu, mbona ugonjwa huu unaita wenzake?" Jibu la kwamba sukari inaharibu mishipa ni la kweli, lakini halitoshi. Presha mara nyingi huonekana kabla sukari haijagunduliwa. Sasa hapo nani kamwita nani?

La pili linaniumiza kichwa zaidi. Kuna wagonjwa waliokaa na sukari ya 14 au 15 (milimoli kwa lita) kwa miaka, halafu inaanza kushuka yenyewe mpaka 5 au 4, dozi ileile, chakula kilekile. Nyumbani wanasema amepona, dawa zote zinawekwa kando. Kliniki wanasema ni figo. Naomba mwenye kujua anieleze hatua kwa hatua, kwa lugha ninayoweza kwenda kuisema mkekani.

Tabibu_Masasi

Mkuu, tuanze na presha kutangulia, kwa sababu mengi yanafunguka hapo.

Kwa kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wengi kwenye kikundi chako, tatizo halianzi siku sukari inapopanda. Huanza miaka mingi nyuma, mwili unapokuwa mgumu kuitikia insulini, homoni ya kushusha sukari. Kongosho linalazimika kumwaga insulini nyingi zaidi ili kazi ileile ifanyike. Ukipima sukari wakati huo unakuta ni ya kawaida, lakini insulini kwenye damu imezidi, na insulini haishughuliki na sukari peke yake. Kwenye figo inazifanya zirudishe chumvi mwilini badala ya kuitoa kwa mkojo. Chumvi huvuta maji, ujazo wa damu unaongezeka, presha inapanda. Inachochea pia neva zinazobana mishipa na kuongeza mapigo ya moyo. Na ukuta wa ndani wa mshipa, ambao kwa kawaida hutengeneza naitriki oksaidi ili mshipa ulegee, unapungukiwa na uwezo huo. Kwa hiyo presha na sukari hakuna aliyemwita mwenzake: zote mbili zimetoka kwenye chanzo kimoja, ila presha imeonekana mapema.

Chanzo chenyewe mara nyingi ni mafuta yaliyokaa ndani ya tumbo, kuzunguka utumbo na ndani ya ini. Hayo ni tofauti na mafuta ya chini ya ngozi. Yanamwaga asidi za mafuta kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini, na ini likishajaa mafuta halisikii tena insulini inapoliambia liache kutengeneza sukari. Ndiyo maana mtu analala bila kula na asubuhi anaamka na 9. Ini hilohilo linapeleka triglisiraidi (aina ya mafuta) nyingi kwenye damu, lehemu nzuri inashuka, na lehemu mbaya inakuwa ya chembe ndogo ndogo zinazopenya kirahisi kwenye ukuta wa mshipa. Hapo ndipo shambulio la moyo na kiharusi vinapoanza kutengenezwa. Tembea na tepu ya fundi cherehani: kiuno cha sentimita 94 na zaidi kwa mwanaume, 80 na zaidi kwa mwanamke, ni cha kushughulikia hata kama sukari bado ni nzuri. Lakini usimwache mwembamba. Wapo wembamba wenye ini lenye mafuta, na wapo ambao kongosho lao ni dhaifu tangu mwanzo.

Sukari ikishapanda sasa inaongeza madhara yake yenyewe. Misuli haichukui sukari nyingi bila insulini, lakini seli za ukuta wa mishipa midogo, za retina (pazia la nyuma ya jicho), za neva na za figo hazina mlango wa kufunga: sukari ikiwa nyingi nje, inakuwa nyingi ndani. Inaganda kwenye protini na kuzikakamaza. Ndiyo maana macho, figo na miguu huumia kwa mtu yuleyule, na mara nyingi kwa mfuatano wa karibu. Daktari wa macho akiona damu imevuja kwenye retina, figo zipimwe mwezi huohuo.

Figo nataka nikae nazo kidogo, maana ndizo zinazofichwa. Figo mbili huchuja kama lita 180 za maji ya damu kwa siku, kisha hurudisha karibu yote. Sukari iliyochujwa hurudishwa pia, mpaka kiwango cha damu kinapozidi 10 hivi, ndipo ya ziada inatoka na mkojo. Kila chembe ya sukari inayorudishwa inarudi pamoja na chumvi. Mbele kidogo kwenye mrija wa figo kuna sehemu inayopima chumvi iliyobaki. Ikikuta chumvi ni kidogo inadhani chujio limelala, inapanua mshipa unaoingiza damu. Upande wa kutokea, homoni ya anjiotensini inabana. Damu inaingia kwa wingi na inatoka kwa shida, shinikizo ndani ya chujio linapanda. Ni kama kifumbu cha nazi kilichokamuliwa kwa nguvu kila siku mpaka ukili ukaachana: machicha yanaanza kupita pamoja na tui. Machicha hapa ni albumini, protini ambayo haikutakiwa kuonekana kwenye mkojo. Mgonjwa wakati huu hana maumivu yoyote, na kreatinini yake (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, hupanda figo zikichoka) inaweza kuwa nzuri kuliko ya jirani asiyeumwa, kwa sababu figo zinachuja kupita kiasi. Miaka ikipita, machujio yanageuka makovu. Figo yenye makovu huamini damu haiifikii, inatoa renini, kemikali inayoamsha anjiotensini, presha inapanda tena, na presha hiyo inarudi kuumiza machujio yaliyobaki.

Sasa sukari inayoshuka yenyewe. Figo huvunja sehemu kubwa ya insulini, hasa ya sindano, kwa kuwa hiyo haipiti kwanza kwenye ini. Figo zikichoka, uniti 20 za jana zinakaa mwilini muda mrefu zaidi leo. Pili, mtu akikaa na njaa, figo husaidiana na ini kutengeneza sukari. Msaada huo nao unapungua. Tatu, sumu zikijaa hamu ya kula inakufa. Nne, vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi vinalimbikizana. Matokeo ni 5, halafu 4, halafu siku moja mtu haamki. Aliyekuwa na 15 kwa miaka, akashuka bila kupungua uzito kwa makusudi, bila kubadili chakula wala dawa, apimwe kreatinini wiki hiyohiyo. Dozi ya insulini hupunguzwa na daktari, mara nyingi kwa robo, na kufikia nusu figo zikiwa mwishoni kabisa. Dawa ya presha haiachwi.

Maabara_Lindi

Tabibu kaeleza vizuri. Mimi niongeze upande wa vipimo, maana majibu mengi yanapotosha kabla hata hayajamfikia daktari.

Sukari ya asubuhi bila kula kwa muda wa saa 8 na zaidi: 7.0 kwenda juu ni kisukari, na kama mtu hana dalili rudia siku nyingine kabla ya kumwandikia. Ukikutana na karatasi yenye namba kubwa kama 126, hiyo ni kwa miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18 upate 7.0. Damu ya mkononi iliyokaa kwenye chupa isiyo na floridi (kemikali inayozuia seli kula sukari) inaendelea kuliwa na seli zake. Inapoteza kama asilimia 5 hadi 7 ya sukari kila saa. Sampuli iliyotoka zahanati asubuhi ikafika hospitali kwa bodaboda mchana inaweza kumfanya mgonjwa aonekane mzima.

Kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, kinategemea chembe nyekundu kuishi umri wake wa siku 120 hivi. Mwenye selimundu chembe zake hufa mapema, kwa hiyo jibu linakuwa la chini kwa uongo. Aliyeongezewa damu karibuni vilevile. Upungufu wa madini ya chuma hufanya kinyume, jibu linapanda. Kwa ukanda wetu wa pwani, ambako selimundu si kitu cha kutafuta kwa tochi, usikubali asilimia 5.8 ikupe usingizi wakati kipimo cha kidole kinasoma 13 kila asubuhi. Amini kidole, kisha uulize kuhusu damu yake.

Kijiti cha mkojo kina mipaka. Kinashika protini ikishakuwa nyingi. Uvujaji wa mwanzo, albumini ya miligramu 30 hadi 300 kwa kila gramu ya kreatinini, unakipita bila kukigeuza rangi. Huo unahitaji kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini, mkojo wa asubuhi ndio mzuri. Na kwa huku kwetu kuna mtego mkubwa: kichocho cha kibofu. Damu na protini vinavyotoka kwenye kibofu vitageuza kijiti rangi ilhali figo ni nzima. Mtu akitoka kijiji chenye kichocho, atafutiwe mayai kwenye mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, atibiwe, ndipo protini irudiwe. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo na siku za hedhi navyo vinadanganya. Albumini ihesabiwe kuwa ya figo ikionekana kwenye sampuli mbili kati ya tatu ndani ya miezi mitatu.

Kreatinini usiisome peke yake. Bibi wa kilo 42 mwenye misuli kidogo anaweza kuwa na jibu linaloonekana la kawaida huku figo zake zimebaki nusu. Omba maabara au daktari akokotoe kasi ya kuchuja kwa umri na jinsia. Chini ya 60 (mililita kwa dakika) kwa miezi mitatu na zaidi ni ugonjwa sugu wa figo.

Mhudumu_Mikindani

Ahsanteni sana, hili la kichocho sikuwahi kulihusisha. Vipi upande wa dawa na TB? Na kuna dawa mtu akimeza kwa ajili ya presha anaambiwa inalinda figo, wengine wanaambiwa inaua figo. Wapi ni wapi?

Famasi_Chikongola

Zote mbili zimesemwa kuhusu dawa ileile, na kuna sababu. Enalapri na losatani zinalegeza ule mshipa wa kutokea kwenye chujio ambao Tabibu kautaja. Shinikizo la ndani linashuka, albumini inapungua, figo inaishi zaidi. Lakini shinikizo likishuka, kuchuja nako kunapungua kidogo, kwa hiyo kreatinini hupanda wiki za mwanzo. Kupanda mpaka asilimia 30 kunavumilika. Zaidi ya hapo, au potasiamu ikipanda, daktari aangalie upya. Kwa hiyo kreatinini na potasiamu vipimwe kabla ya kuanza na wiki 1 hadi 2 baada ya hapo. Anayetapika au kuharisha asimamishe kwa muda mpaka anywe na kula, la sivyo figo zinakosa damu. Mbili hizo hazitumiki kwa pamoja, na mjamzito hazimfai kabisa.

Kinachoua figo kwa wingi ni diklofenaki na ibuprofeni za maumivu ya magoti, zinazouzwa kama pipi. Zenyewe hubana mshipa wa kuingilia. Weka pamoja na losatani na kidonge cha kukojoza, chujio linabanwa huku, linalegezwa kule, maji mwilini hayatoshi: figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Mwambie mzee wa magoti atumie parasetamoli. Na aogope vidonge vya maumivu visivyo na jina vinavyopimwa kwenye kikaratasi. Prednisoloni na deksamethasoni (dawa za steroidi) zikiwemo, maumivu yanaisha siku hiyo na sukari inaruka.

Metformini ni dawa nzuri ya kisukari. Kasi ya kuchuja ikiwa kati ya 30 na 45 isizidi miligramu 1,000 kwa siku, chini ya 30 inaachwa. Anayetumia ARV zenye dolutegrava naye asizidi 1,000, kwa sababu dolutegrava inazuia metformini kutoka. Glibenklamaidi kwa mwenye figo mbovu au mzee anayekula mlo mmoja naiogopa sana. Gliklazaidi ni afadhali.

TB: kisukari huongeza hatari ya kuugua TB mara 2 hadi 3, kwa sababu seli zinazotakiwa kuwameza na kuwaua vijidudu kwenye mapafu zinachelewa kufanya kazi sukari ikiwa juu. TB nayo ni mzigo kwa mwili, homoni za dhiki zinapandisha sukari. Rifampisini inaharakisha ini kuziharibu gliklazaidi na glibenklamaidi, hivyo dozi ya zamani inaonekana haifanyi kazi na huongezwa. Hapa ndipo watu wanaposahau: miezi sita ikiisha, rifampisini ikaachwa, ndani ya wiki chache ini linarudia mwendo wake, na dozi ile iliyoongezwa inageuka kubwa mno. Mgonjwa anasherehekea kumaliza TB huku sukari inaporomoka. Wiki hizo apimwe mara kwa mara. Isoniazidi inaweza kuleta ganzi miguuni juu ya ganzi ya kisukari, kwa hiyo asikose vitamini B6.

Lishe_Nachingwea

Nishike ya chakula cha huku, kwa kifupi.

Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na iliyomo ndani ya chakula. Ng'onda mmoja, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, anaweza kuimaliza. Aloweke usiku, abadilishe maji mara mbili, amwage, asiongeze chumvi chunguni. Kama Tabibu alivyosema, mwili wenye insulini nyingi unang'ang'ania chumvi, kwa hiyo mtu huyu inamdhuru kuliko jirani yake.

Ugali wa muhogo na ming'oko (viazi vya porini) ni wanga kama wali. Kuwa chakula cha asili hakuvifanyi vikose sukari. Robo ya sahani iwe wanga, robo samaki au kunde au mbaazi, nusu mboga za majani. Kisamvu ni chema, ila tui zito kila siku linampa moyo mafuta asiyoyahitaji. Korosho konzi moja, gramu 30, isiyo na chumvi.

Msimu wa mabibo uangaliwe sana. Juisi yake ni sukari inayoingia haraka. Uraka, pombe ya mabibo, ni hatari nyingine: pombe inalizuia ini kutengeneza sukari. Aliyemeza glibenklamaidi au kuchoma insulini, akanywa bila kula, sukari inashuka saa kadhaa baadaye. Anatokwa jasho, anatetemeka, anapayuka, na watu wanamwacha alale kwa kuwa "amelewa". Mpime kidole. Chini ya 3.9 na anameza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, subiri dakika 15, pima tena, rudia kama haijapanda, kisha ale. Asiyeweza kumeza usimwagie kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu, apelekwe.

Na madafu. Kwa mwenye figo nzima hayana neno kwa kiasi. Kwa mwenye figo zilizochoka anayetumia losatani au enalapri, glasi moja ya mililita 250 ina kama miligramu 600 za potasiamu. Potasiamu ikijaa mapigo ya moyo yanavurugika, na inaweza kuwa ghafla. Ndizi nyingi kwa siku vilevile. Huyu apangiwe chakula na hospitali, asifuate ushauri wa kikundi kizima.

Mhudumu_Mikindani

Swali la mwisho wakuu. Nina mashine ya presha, glukomita na tepu tu. Nikae na nini kila mwezi, na nani simsubirishi?

Tabibu_Masasi

Presha: akojoe kwanza, akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya shati. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Kwa wengi tunalenga chini ya 130/80. Kisha asimame, upime baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, neva zinazoendesha mishipa zimeumia au dawa zimezidi, na huyo ataanguka chooni usiku. Vua viatu, angalia katikati ya vidole na nyayo. Muulize kikohozi: wiki 2 na zaidi, makohozi yapimwe, na mwenye kisukari usingoje hata hizo mbili kama anapungua uzito.

Siku hiyohiyo wasafirishe: mdomo uliopinda au mkono uliolegea ghafla, kifua kubana, pumzi kukata akilala chali, kidonda cha mguu kinachonuka au kuwa cheusi, sukari iliyoshuka zaidi ya mara moja wiki hiyo, na sukari inayozidi 16 pamoja na kutapika au kupumua kwa nguvu. Huyu wa mwisho apewe maji njiani kama anameza.

Ukimwandikia rufaa ya hospitali ya mkoa ya Ligula au ya hospitali ya Kanda kule Mitengo, usiandike "kisukari na presha" peke yake. Andika kila dawa na miligramu zake, lini amemeza mara ya mwisho, dawa za maumivu na za mitishamba anazotumia, namba za sukari za wiki mbili, presha ya kukaa na ya kusimama, kama ana selimundu au aliongezewa damu, na kreatinini ya mwisho ilikuwa ngapi na ya tarehe gani. Kama hajawahi kupimwa kreatinini, liandike hilo juu kabisa.